Kadi Yako Ilikuwa Nzima, Mjomba

Mjomba,

Ile kadi ilikuwa nzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza hali ya mkeo au kama mvua zimefika Kwamndolwa. Kadi yako ilikuwa nzima na ulichokuwa unakifikiri kilikuwa sahihi. Aliyeharibu ni mimi.

Nimeandika maneno hayo kwenye karatasi tatu na zote nimezichana. Hii ya nne naiacha ikae.

Arobaini yako tumeisoma. Watu walijaa mpaka kwenye migomba ya jirani. Mkeo bado yuko ndani na eda yake, na kila ninapokwenda kumjulia hali huniuliza kutoka nyuma ya pazia kama nimefuta vumbi kwenye mashine. Duka nililifunga majuma mawili. Nikalifungua kwa sababu watu walikuwa wanaziacha redio zao kwa muuza machungwa, na yeye akaanza kunung'unika kwamba amegeuzwa hospitali. Yule mzee wako wa Makuyuni alikuja na redio yake ile iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikamwambia, mzee, fundi ametutoka. Akakaa kwenye benchi, akaipapasa redio na kusema, "Basi na huyu naye kafiwa." Nilimtengenezea. Inaongea.

Nakukumbuka kwa mambo madogo, na hayana mpangilio. Nakukumbuka siku ile shamba la mkonge lilipouzwa kwa watu binafsi na vitu vya ofisi vikapigwa mnada. Watu waligombea viti na makabati. Wewe ukarudi na kompyuta mbili kwenye mkokoteni, na stendi nzima ikakucheka: "Fundi Mbwana kanunua televisheni zisizo na picha!" Ukawajibu, "Picha zimo, zinaona haya tu." Mafundi wenzako wakati huo walikuwa wanalalamika kwamba soko huria limewaua, redio mpya hazitengenezwi, zikifa hutupwa. Wewe hukulalamika. Uliniketisha mimi, niko kidato cha pili, ukaniwekea kitabu kinene cha Kiingereza kilichokuja na mashine hizo. Nilisoma kwa sauti, neno kwa neno, maneno nisiyoyajua, na wewe ukiwa umefumba macho ulikuwa unatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nasoma. Aliyekuwa anaelewa ni wewe. Sijapata kukutana na jambo la ajabu kuliko hilo, hata chuoni Dar.

Uliniita "mama" tangu nizaliwe kwa kuwa nimebeba jina la bibi, mama yako. "Mama, soma tena hapo." "Mama, umeruka mstari."

Tulipoanza kupata vile vifaa vya kuchomeka kwenye matundu ya USB, watu walikuwa wanakosea kosa moja, kila mtu. Ananunua printa, anafika nyumbani, anaichomeka kwanza, halafu ndipo anatafuta ile sidii ya draiva, programu ya kukitambulisha kifaa kwa kompyuta. Kompyuta inakataa. Anarudi analia kwamba kauziwa kifaa kibovu. Wewe ulikuwa unawaambia kwa upole uleule kila siku: "Kifaa ni mgeni. Draiva ndiyo hodi yake. Mgeni akiingia bila hodi, mwenye nyumba atamshuku hata kama ni ndugu yake." Yule katibu wa chama cha msingi aliporudi mara ya tatu na kosa lilelile, ulimwuliza, "Mheshimiwa, na kwa wakwe zako huingia hivihivi?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Na lile daftari lako. Badili kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadili viwili kwa pamoja, ulisema, hutajua kipi kimekuponya.

Na benchi. Nafika kwenye benchi sasa, Mjomba.

Hukufungua kitu cha mtu ila mwenyewe awe ameketi kwenye benchi anaangalia. Iwe saa, iwe redio, iwe kompyuta. Wateja wengine walichukia, walitaka kuacha na kwenda sokoni. Ulikuwa unawaambia wakae, waone kilichotoka na kilichorudi. Wengine wamepitisha asubuhi nzima hapo, wakaondoka wakiwa wamejua kondensa ni nini. Nilipotoka chuo niliona ni ushamba. Nilikuambia Dar mtu anaacha mashine na kuchukua risiti. Ukasema, "Dar wana risiti. Sisi tuna benchi."

Basi akaja Mama Naserian, yule katibu wa kwaya ya wafugaji kutoka Handeni, na lile kasha dogo jeusi. Ndani yake diski, na ndani ya diski nyimbo kumi na moja za kwaya yao, walizorekodi Tanga. Kijana wa studio alikuwa ameshafuta za kwake kupata nafasi. Nusu ya waimbaji walikuwa wamehama na ng'ombe kufuata majani upande wa Morogoro, hakuna ajuaye watarudi lini, kwa hiyo kurekodi upya haikuwezekana. Alitaka tu utoe nyimbo humo uziweke kwenye sidii, kanda zitolewe. Kazi ya saa moja. Akakuachia kasha, akarudi Handeni, kwa sababu kazi hiyo haikuhitaji kufungua chochote.

Kompyuta zetu zilikuwa na matundu ya zamani, yale uliyoyaita ya mwendo wa punda. Kwenye tundu la zamani kasha liliwasha taa, kompyuta ikasema kifaa hiki kinaweza kwenda kasi zaidi, kisha kikalala. Wewe ulikuwa umeagiza ile kadi ya matundu ya kasi na kuifunga ndani ya mashine kubwa, na uliionea fahari, ulimwonyesha hata imamu. Kwenye kadi kasha lilikwenda mbio. Wimbo wa kwanza, wa pili, halafu mlio mdogo wa kukatika, na kompyuta ikasema haikitambui kifaa.

Ninalo daftari hapa mbele yangu. Umeandika kwa penseli. Waya mwingine, bado. Tundu la pili la kadi, bado. Draiva ya kadi imeondolewa na kuwekwa upya, bado. Kadi imehamishwa nafasi ndani ya mashine, imefika wimbo wa tatu, imekatika. Kila jaribio na siku yake. Na chini kabisa umeandika, "Nahisi ni njaa. Tundu halimshibishi." Ulidhani umeme wa tundu moja haukutosha kuizungusha ile diski, ndiyo maana ukaagiza Dar waya wenye vichwa viwili, unaokula kwenye matundu mawili kwa wakati mmoja. Ukaniambia tusubiri.

Mimi sikuweza kusubiri. Nilikuwa nimerudi na cheti changu, na hapo dukani nilikuwa bado ni msomaji wako tu. Nilikwenda intaneti kafe nikasoma kwamba makasha ya jina lile yana kasoro kwenye programu yao ya ndani, ile inayokaa kwenye chipu ya kasha lenyewe, na kwamba ipo mpya ya kuiandika juu yake. Nikaichukua kwenye flopi. Nilipokuambia, ulisikiliza vizuri, ukauliza, "Tunajuaje chipu iliyomo ndiyo hiyo?" Nikakuonyesha jina lililoandikwa juu ya kasha. Ukasema, "Hilo ni jina la kanzu, mama. Tusubiri Mama Naserian aje, tulifungue, tuone."

Ijumaa ile ulikwenda msikitini. Nikabaki peke yangu. Nilijiambia kwamba kuandika programu si kufungua. Sikulegeza skrubu hata moja. Nakumbuka jinsi nilivyojisifu kwa hoja hiyo; niliipanga kama insha. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Taa ilipepesa haraka haraka. Kisha ikazima. Sikuiona tena ikiwaka.

Ulirudi na kofia yako mkononi, umeninunulia mihogo ya kukaanga kwenye gazeti. Ukauliza, "Vipi, mgonjwa wetu?" Nikasema, "Nimekuta imezima."

Hivyo tu, Mjomba. Bila hata kusita.

Ulidhani kadi ndiyo imeliunguza kasha, ukaichomoa ukainusa. Umenifundisha mwenyewe kunusa. Kitu kilichoungua hakifichi harufu. Uliinusa mara mbili, ukaigeuza kwenye mwanga wa mlango, ukainusa tena. Haikuwa na harufu kwa sababu haikuwa na kosa. Na wewe, badala ya kugeuka kuniangalia mimi, ukasema taratibu, "Kumbe kuna kuungua kusiko na harufu." Ukaifunga kwenye gazeti lile la mihogo ukaisukuma chini ya meza.

Jumatatu ukapanda basi kwenda Handeni, kumwambia Mama Naserian kwa mdomo wako kwamba kadi yako imeua kasha lake. Ningeweza kukuzuia stendi. Nilikubebea mfuko.

Uliporudi hukugusa tena mashine kubwa. Ulishika redio tu. Mtu akija na kompyuta ulimwonyesha mimi kwa kidevu: "Mambo haya ni yao wasomi." Hukuyasema kwa uchungu, na hilo ndilo lililonitesa. Uliyasema kama mtu aliyekabidhi zamu. Nilikuwa na siku ishirini na mbili za kukuambia. Nimezihesabu. Siku nyingine ulikuwa umekaa mkabala nami, unakata chungwa, unanipa nusu, na neno limenijaa mdomoni. Nilisema tu ahsante.

Siku ya ishirini na tatu ukaanguka unafunga kamba za viatu.

Daktari alisema ni presha ya muda mrefu. Mkeo amesema hivyohivyo, kwamba ulikuwa unaacha kumeza dawa. Nawaamini. Lakini presha haikukuambia kwamba umeisha; aliyekuacha uamini hivyo ni mimi.

Siku ya nne baada ya mazishi kondakta wa basi la Dar alipita msibani na kifurushi. Waya wenye vichwa viwili.

Siku ya arobaini wazee wa ukoo waliketi kugawa vitu vyako. Ilipofika zamu ya mkoba wa bisibisi, mmoja akasema kwetu Wazigua mpwa ni mpwa, humrithi mjomba wake, na huyu ndiye aliyeketi naye. Mwingine akaguna, "Msichana na bisibisi?" Bibi, na macho yake yale yasiyoona mbali, akamjibu, "Ulitaka nimpe wewe, ambaye hata mlango wako umefungwa kwa kamba?" Watu wakacheka, msiba ukapumua kidogo. Kisha bibi akanishikisha mkoba, akanivuta karibu na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu alikuja kwangu Mazingara kabla hajafa. Aliniambia mikono yake imeanza kuharibu kazi za watu. Sasa shika wewe."

Nikashika. Kichwa changu kilikuwa chini, wote wakadhani ni majonzi.

Nikakaa nao siku tatu ule mkoba bila kuufungua. Ya nne nikalichukua kasha na kupanda basi la Handeni.

Mama Naserian alikuwa zizini. Alinikaribisha, akaniletea maziwa, akaanza kunipa pole kwa urefu, jinsi ulivyokuwa muungwana, jinsi ulivyokataa kunywa chai mpaka useme kosa lako kwanza. Nikamkatiza. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, flopi, Ijumaa, msikiti, "nimekuta imezima". Alikuwa anamwangalia ndama. Kisha akasema, "Nyimbo ni nyimbo. Mungu akitaka tutaimba nyingine. Lakini wewe binti, ulimwacha mzee apande basi na uongo wako mapajani."

Nikamwomba aje dukani Korogwe akae kwenye benchi, nilifungue kasha mbele yake. Akaniuliza kama kuna tumaini. Nikamwambia nilichoharibu ni kasha. Diski iliyo ndani ni kitu kingine, huenda imesalimika, ila sijui, na sitaifungua yeye hayupo. Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Alhamisi," akasema. "Na sitakuja peke yangu. Nikija peke yangu naweza kukupiga."

Alikuja na wanakwaya wawili, wanawake wenye shanga mpaka kifuani, wakalijaza benchi. Muuza machungwa alichungulia akauliza kama kuna harusi. Nikafungua mkoba wako. Skrubu nne. Nilizipanga kwenye kifuniko kama ulivyonifundisha, kila moja upande ilipotoka. Kasha lilipofunguka nikageuza kibao chake kwenye mwanga, nikasoma namba ya chipu. Haikuwa ile. Jina la nje lilelile, chipu ya ndani ya kiwanda kingine kabisa. Niliiandikia lugha isiyo yake. Tungelifungua dakika moja tu, Mjomba, mbele ya mwenyewe, tungeiona. Nikawaeleza. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Umempa ng'ombe dawa ya punda." Ndivyo.

Nikaitoa diski, nikaivisha kile kiunganishi kidogo cha diski za kompyuta za mapajani, nikaifunga moja kwa moja ndani ya mashine kwa ule utepe mpana. Nikawasha. Kompyuta ikahesabu, ikasimama, ikahesabu tena. Kisha ikaiita kwa jina.

Nyimbo kumi zilifunguka. Wa kumi na moja ulikataa. Nilijaribu kwa kila njia ninayoijua na umekataa. Ni ule unaoongozwa na mama mmoja aliyehama na ng'ombe. Sitaki kukuficha hilo. Mama Naserian alisema ataulizia kambi yao ilipo. Lakini zile kumi zilipoanza kutoka kwenye spika zako zilizopasuka, wale wawili walisahau kwamba wananichukia. Waliimba nazo. Mteja aliyeleta pasi alikaa chini kwenye kizingiti, akawa hana haraka tena.

Kisha Mama Naserian akauliza, "Na hiyo kadi ya mzee iliyoua?"

Nikaitoa chini ya meza. Bado ilikuwa kwenye gazeti lenye mafuta ya mihogo. Nikaifunga mahali pake. Draiva kwanza. Nikaitia diski kwenye kasha jingine tupu la bluu lililokuwa rafuni, nikalichomeka kwa waya wa kawaida. Mbio, wimbo wa kwanza, wa pili, mlio wa kukatika. Kasha tofauti, ugonjwa uleule. Niliandika kwenye daftari lako chini ya mwandiko wako. Kisha nikabadili kitu kimoja tu. Waya wenye vichwa viwili.

Zilipita zote kumi, Mjomba. Bila kukatika. Hata sikumaliza kuwaeleza kinachotokea, zilikuwa zimeshaingia. Ilikuwa njaa, kama ulivyoandika. Hakuna kilichoungua, na hakuna ulichoharibu. Ulikuwa umebakiza waya mmoja tu, nao ulikuwa njiani.

Nililia hapo mbele yao. Mama Naserian hakunibembeleza, na namshukuru. Alingoja nimalize, akachukua sidii zake, akazifunga kwenye shuka lake la lubega. Mlangoni akageuka. "Mimi nimesikia kwamba mzee hakukosea," akasema. "Mama yake je, amesikia?"

Kwa hiyo kesho kutwa nakwenda Mazingara. Nimewaza mengi. Kwamba bibi ni mzee, kwamba atajuaje chipu na waya, kwamba ni heri nimwache na majonzi aliyokwisha kuyazoea. Nazitambua hoja hizo. Zimepangwa vizuri kama ile ya skrubu. Nitamwambia kabla sijapokea maji ya kunywa. Akitaka mkoba nitamrudishia, nami nitaendelea kufuta vumbi tu mpaka wazee waamue vingine. Akinifukuza, nitakaa nje kwa majirani mpaka anisikilize mpaka mwisho.

Sikuweza kukuondolea mzigo huo ulipokuwa unaubeba. Lakini nakuahidi, mama yako hatakufa akidhani mwanawe aliharibu kazi ya mtu.

Mungu akupe nafasi na nuru huko uliko, Mjomba wangu. Nisamehe kama kusamehe kunafika huko. Na kama hakufiki, basi pumzika tu. Hii iliyobaki ni kazi yangu.

Mpwa wako,
Zaina